Maduka Yanayokufa Februari

Fika Dongobesh mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi, utadhani mji mzima una harusi. Vijana wanapandisha magunia ya vitunguu saumu kwenye Fuso, bodaboda wanapishana na mizigo, mama lishe wako kwenye sufuria ya pili ya wali, na kila duka lina mtu anayeulizia kitu ambacho mwezi wa tatu hakukitazama: godoro, redio, viatu vya mtoto, bando la mabati. Rudi mji uleule Februari. Mahindi yako magotini, watu wako kwenye palizi, tope limeshika barabara, na muuza duka anashinda akitazama mvua. Hesabu milango yenye kufuli. Uliza mwenye mlango mmojawapo yuko wapi. Utaambiwa amerudi kulima, au amehamia Babati, au, kwa sauti ya chini, kwamba amekimbia madeni.

Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la namna hiyo. Baba mdogo alikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa bluu, rafu za mbao, mzani wa sahani mbili, na debe la mafuta ya taa lililowekwa mbali na chumvi. Alilifungua duka hilo baada ya mavuno mazuri, likadumu misimu mitatu, likafungwa Februari. Nyumbani ilisemwa siku zote kwamba mtaji ulikuwa mdogo. Niliamini hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima na daftari lake likanifikia mikononi. Nitalirudia daftari hilo.

Mtaji mdogo ndilo jibu utakalopewa kila mahali, Mbulu mjini, Haydom, Endasak, Katesh. Lina ukweli wake. Sera ya taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003 inaihesabu biashara kuwa ndogo kabisa ikiwa ina watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, na katika mitaa ya maduka ya wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang, ni wachache wanaovuka mstari huo. Lakini Hanang ni wilaya iliyouona mtaji mkubwa kwa macho yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Canada, ililima ngano kwenye tambarare za Basotu chini ya shirika la NAFCO. Mashamba saba, pamoja na Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Waret na Gidagamowd, yalifikia karibu ekari 100,000. Wabarabaig waliokuwa wakilisha mifugo huko walisukumwa pembeni, na kidonda hicho kilifika mpaka mahakamani. Kulikuwa na matrekta, mashine za kuvunia, karakana na wataalamu. Msaada ulipokoma miaka ya 1990, mashamba hayakuweza kujinunulia vipuri vya mashine zake yenyewe, yakadorora. Wazee wa Katesh wanaokumbuka enzi hizo hawahitaji kuelezwa kwamba fedha nyingi inaweza kuingia mahali na isikae.

Ninachoamini, baada ya kuyatazama maduka ya kwetu kwa muda mrefu, ni kwamba mengi hayafi kwa njaa ya mtaji. Yanakufa kwa sababu mwenyewe hajui fedha iliyo mkononi mwake ni ya nani na ni ya mwezi gani.

Anza na mwezi. Mbulu na Hanang zina msimu mmoja mkubwa wa kilimo. Mvua inaanza Novemba au Desemba na kukatika karibu na Mei. Maharage yanatangulia kuvunwa, mahindi na ngano vinafuata, mbaazi zinachelewa zaidi, na vitunguu saumu vya mabonde ya umwagiliaji ya Mbulu vinatoka kiangazi. Kwa hiyo fedha inaingia vijijini kuanzia Juni mpaka Septemba au Oktoba, halafu inakauka. Januari inadai kila kitu kwa pamoja: sare za shule, madaftari, mbegu, mbolea, vibarua wa palizi. Kuanzia hapo mpaka mahindi mabichi yatokee, nyumba nyingi zinasukuma siku kwa kukopa.

Duka linaishi ndani ya kalenda hiyo, lakini wenye maduka wengi wanaliendesha kana kwamba kila mwezi ni Agosti. Mauzo yakipanda, mwenye duka anaona amefanikiwa: anaongeza chumba nyumbani, ananunua pikipiki, anaoa. Fedha anayoitumia ina kazi nyingine. Ni fedha ya kununulia, Oktoba, bidhaa zitakazouzwa Januari. Anayekwenda Arusha Oktoba kuleta majembe, mabuti ya mvua, madaftari, sare, chumvi na sabuni anakuta bei ya kawaida na nauli ya barabara kavu. Anayekwenda Januari anakuta wenzake wote wako kaunta ileile ya jumla, na lori lake linakwama njiani akirudi.

Si miji yote ina mapigo hayo. Haydom ina hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na hospitali hiyo inalipa mishahara kila mwezi na kupokea wagonjwa wanaotoka mbali, mpaka mikoa ya jirani. Ndugu wa mgonjwa aliyefika usiku anahitaji beseni, chupa ya chai, kanga, mswaki, sabuni, na analipa taslimu kwa sababu hapo hana anayemfahamu. Katesh iko kwenye lami ya Babati kwenda Singida. Basi linasimama dakika kumi, abiria wanashuka, wanakula, wanaondoka na hawatarudi. Kwao swali la mkopo halipo, na anayechelewesha sahani ya chipsi kwa dakika tano amempoteza mteja. Mbulu mjini kuna ofisi za serikali, shule, na makao ya Jimbo Katoliki la Mbulu, hivyo tarehe za mwisho wa mwezi zina uzito kuliko mavuno. Mtu anayeondoka Dongobesh na orodha yake ya bidhaa na kwenda kufungua duka lilelile Haydom anauza mbegu kwa watu wanaotafuta beseni.

Hata wakala wa fedha za simu anapaswa kuijua kalenda. Julai wanunuzi wa mazao wanatuma fedha kwa simu na wakulima wanataka kutoa, kwa hiyo keshi inaisha mezani kabla ya saa sita na floti inalala kwenye simu. Miezi ya shule mzazi anaweka fedha ili aitume, na hapo ni floti inayoisha. Wakala asiyejipanga anawarudisha wateja siku tatu mfululizo, na wa nne anakwenda kwa jirani moja kwa moja.

Sasa hilo la fedha ni ya nani.

Wairaqw na Wadatoga wana desturi ya zamani ya kumpa rafiki au ndugu ng'ombe amtunze. Mtunzaji anakamua, watoto wake wanapata maziwa, samadi inakwenda shambani. Ng'ombe anabaki mali ya aliyemtoa, na ndama pia, isipokuwa wakipatana vingine. Mwenye mifugo anatawanya ng'ombe wake kwa watu wa vijiji mbalimbali ili ugonjwa au ukame ukipiga zizi moja, mengine yapone. Hakuna anayehitaji semina kuuelewa mfumo huu. Mtoto wa miaka kumi wa Kainam anaweza kukuonyesha ng'ombe zizini na kukuambia huyu ni wetu, yule ni wa fulani, tunamkamua tu. Na hata njaa ikiwa kali kiasi gani, mtu hamchinji ng'ombe wa mwenzake halafu akatembea barabarani kifua mbele.

Mtu huyohuyo akifungua duka anachinja kila siku. Mtaji ndiye ng'ombe, faida ndiyo maziwa. Nimewaeleza hivyo wenye maduka kadhaa na wote wanakubali kabla sijamaliza sentensi. Tatizo ni kwamba ng'ombe ana rangi, ana pembe, ana jina. Noti ya elfu kumi haina. Ikiingia kwenye droo haisemi kama elfu tisa na mia mbili ni za kurudisha mzigo na mia nane ndiyo faida. Inakaa humo kama elfu kumi nzima, na mtoto akirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya mchango, inatoka nzima.

Chukua mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50. Tuseme umeununua kwa jumla ya shilingi 135,000, na nauli mpaka dukani ni 3,000. Mfuko umekugharimu 138,000. Unauza robo kwa 750. Kilo 50 ni robo 200, kwa hiyo unategemea 150,000 na faida ya 12,000. Lakini mkono wako ni wa huruma, kila robo unaidondoshea kidogo, na mwisho wa mfuko umepata robo 192 badala ya 200. Shilingi 6,000 zimeondoka, nusu ya faida. Mfuko umechukua wiki mbili kuisha, na nyumbani chai imekunywa kilo moja kwa wiki. Kwa bei ya kuuzia hizo ni 6,000 nyingine. Faida yote imekwisha, hakuna mwizi aliyeingia, na mwenye duka anakwenda kununua mfuko wa pili akishangaa kwa nini hela haitoshi.

Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani na sukari ikaadimika, kosa jingine lilijitokeza. Kilo ilipita shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi. Wapo waliokuwa na mifuko waliyoinunua kwa bei ya zamani, wakaiuza kwa faida ya kawaida na kujiona waungwana. Walipokwenda kununua tena, fedha ya mifuko miwili ilitosha mmoja na kidogo. Simlaumu mtu kwa kuwahurumia majirani zake, na hakuna anayemtaka afiche sukari ili bei ipande zaidi. Lakini bei ya kuuzia inatazama mfuko unaofuata, ule ambao bado uko kwa muuzaji wa jumla.

Kwenye vitunguu saumu hesabu inauma zaidi. Kijana ananunua kilo 500 vikiwa vibichi, tuseme kwa 3,000 kila kilo, jumla milioni moja na nusu. Anasikia Arusha ni 3,600, anazidisha 600 kwa 500, anaona laki tatu. Vitunguu vinaanikwa, vinakauka, na maji yanayotoka ni uzito unaotoka. Vikipungua asilimia 15 tu, anabaki na kilo 425. Mara 3,600 ni 1,530,000. Laki tatu zimegeuka elfu thelathini, na hapo hajalipa magunia, wapakiaji wala lori. Wale wanaodumu katika biashara hii wanapima gunia lilelile siku ya kununua na siku ya kuuza, wanaandika, na msimu unaofuata wanajua kila bonde linapoteza kiasi gani. Wanajua pia kuikataa lumbesa, gunia lile lenye kilemba cha kamba juu ambalo Sheria ya Vipimo inalipiga marufuku. Lumbesa inamwibia mkulima kwanza, lakini inamharibia hata mfanyabiashara mdogo, kwa sababu mtu asiyejua gunia lake lina kilo ngapi hawezi kujua amepata nini.

Watu wa mjini wakija kutoa mafunzo huwa wanasema: acheni kukopesha. Baadhi ya wenye maduka wanaandika ukutani kwamba leo ni hela na kesho ndiyo mkopo. Nadhani hawajawahi kukaa Februari katika kijiji cha Mbulu. Duka lisilokopesha Februari haliuzi. Zaidi ya hapo, Julai ikifika watu wanalipita, wanakwenda kulipa na kununua kwa yule aliyewavusha. Kukopesha ndiyo biashara yenyewe katika maeneo haya. Kinachotakiwa ni mkopo wenye mipaka, na mipaka hiyo iwekwe Oktoba, kabla mtu hajasimama mlangoni na mtoto mgonjwa mgongoni, kwa sababu wakati huo hakuna mwenye moyo atakayesema hapana.

Kila nyumba iwe na kikomo chake, kinachotokana na shamba lake. Nyumba yenye ekari moja ya maharage haiwezi kubeba deni la nyumba yenye ng'ombe sita. Deni liandikwe mbele ya mkopaji, kwa tarehe na kwa bidhaa, na yeye atie sahihi au dole gumba. Jumla ya madeni yote ya nje isizidi theluthi moja ya thamani ya mzigo ulio dukani. Kipimo hicho nimekipata kwa kuwatazama waliovuka na waliozama, na mwenye duka anaweza kukibana zaidi. Na madeni yasisimame yote kwenye zao moja. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje. Bei ikaporomoka, na wakulima wa Manyara wakabaki na magunia ndani. Mwenye duka aliyewakopesha watu kwa ahadi ya mbaazi peke yake aliumia pamoja nao. Mzee wa ng'ombe waliotawanywa angemwambia hivyo mapema.

Nyumbani kwa mwenye duka nako kuwe na kikomo. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni ya kujilipa. Mwenye duka anajipangia posho, tuseme 5,000 kwa siku wakati wa mavuno na 2,500 wakati wa njaa, anaitoa jioni, na nyumba inaishi kwa hiyo. Sukari ya nyumbani inanunuliwa dukani kwa posho hiyo, kama anavyonunua jirani. Mke au mume anapaswa kujua mpango huu na kuukubali, kwa sababu duka la familia linafilisiwa kwa siri mbili: mwanamume anachota kwa ajili ya mnada na marafiki, mwanamke anachota kwa ajili ya jikoni na ndugu zake, na kila mmoja anadhani mwenzake hajagusa. Michango ya harusi na misiba iwe na bahasha yake. Hakuna Mmbulu anayeweza kuishi bila kuchangia, wala asijaribu.

Jambo la kuigana biashara nalisema kwa ufupi. Mtaa wenye maduka kumi ya unga, sabuni na vocha hauhitaji la kumi na moja. Unahitaji anayeziba viatu, anayeuza vifungashio vya asali, anayetengeneza pampu za kunyunyizia dawa, anayekamua alizeti.

Kisha ipo mikopo. Wote wanaijua kausha damu kwa jina. Unapewa laki mbili leo, unarudisha 9,000 kila siku kwa siku thelathini, jumla 270,000, na dhamana ni televisheni, mzani, wakati mwingine kadi ya benki ya mwalimu. Jiulize duka linalopata faida ya shilingi 3,000 kwa siku mwezi wa Februari litatoa wapi 9,000. Zinatoka kwenye rafu. Kila jioni mkopeshaji anaondoka na paja la ng'ombe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na mkopaji ana haki ya kuiona leseni hiyo na kupewa mkataba anaoweza kuusoma. Anayekataa kukuonyesha karatasi mchana hatakuwa mpole siku utakayochelewa.

Halmashauri zina mikopo isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ni fedha nzuri, lakini nayo ina mwezi wake. Kikundi kikipokea Januari na kutakiwa kuanza kurejesha Machi, kitarejesha kutoka kwenye mtaji. Kikundi chenye busara kinaandika andiko lake kwa kalenda ya Mbulu, kinaonyesha mauzo yatapanda lini, na kuomba marejesho makubwa yaangukie kati ya Julai na Oktoba.

VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ndivyo vinavyonipa matumaini zaidi, kwa sababu ni vya watu wenyewe na wanachama wake wanaaminiana. Nina ombi moja kwao. Vikundi vingi huvunja kikoba Desemba, fedha inagawanywa wiki ya Krismasi, na mwaka mpya unakuta mifuko mitupu. Vunjeni Oktoba. Nguo za sikukuu zitanunuliwa hata hivyo, lakini sehemu ya mgao itakuwa imekwisha kuwa majembe na madaftari kwenye rafu kabla mvua haijafunga barabara.

Wengi wanaogopa kuandika mauzo kwa hofu ya kodi. Wanaamini daftari ni ushahidi utakaotumika dhidi yao. Hesabu za sheria zinasema kinyume. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Hayo ni mauzo ya karibu 11,000 kwa siku. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5, kwa hiyo, analipa 30,000 akiwa na daftari na 100,000 akiwa hana. Kwenye mauzo ya milioni 8, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, mwenye nazo 120,000. Kauntabuku inauzwa kwa shilingi elfu chache. Sijui bidhaa nyingine dukani inayorudisha fedha yake kwa kasi hiyo.

Na daftari lihifadhiwe. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, Mlima Hanang uliteremsha tope, mawe na magogo juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya chini yake. Watu 89 walikufa. Wengine walipoteza nyumba, na zaidi ya nyumba 100 mpya zilijengwa baadaye Waret, Gidagamowd, kwenye majina yaleyale ya mashamba ya ngano. Mbele ya makaburi ya waliokufa ni vigumu kuzungumzia biashara, na sitazungumza sana. Lakini ilikuwa Desemba. Maduka ya barabarani yalikuwa yamejaza mzigo wa Krismasi na wa msimu wa njaa, na ni wachache waliokuwa na bima yoyote. Tope liliingia mpaka kwenye rafu za juu. Ambaye daftari lake lilikuwa chini ya kaunta alipoteza mzigo alionao na pia mzigo aliokwisha kuukopesha, kwa sababu asingeweza kuonyesha nani anadaiwa nini. Siku hizi karibu kila muuza duka ana simu yenye kamera. Kupiga picha ukurasa wa siku hiyo kabla ya kufunga mlango na kumtumia ndugu aliye mji mwingine kunachukua chini ya dakika moja. Wateja wanaolipa kwa Lipa Namba nao wanaacha alama ambayo haizami. Bima ya moto na maafa kwa duka dogo ipo, na ningependa kuona vikundi vikiinunua kwa pamoja, kama vinavyonunua mbolea.

Nilisema nitalirudia daftari la baba mdogo. Ni la kurasa 200, jalada limeliwa na mende upande mmoja. Nililifungua nikitarajia kukutana na wale tuliowalaumu miaka yote, wakopaji wasiolipa. Kila mteja ana ukurasa wake, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesomea shule ya misheni: jina la nyumba, tarehe, sukari robo mbili, kiberiti kimoja, mafuta ya taa chupa moja. Na karibu kila ukurasa, Julai au Agosti, una mstari uliopigwa kwa rula na neno moja pembeni: amelipa. Nilifungua mmoja baada ya mwingine. Amelipa. Amelipa. Hata Februari ya mwisho, waliobaki walikuwa wanne.

Nikautafuta ukurasa wetu. Tulikuwa watoto saba katika nyumba ile, tukinywa chai asubuhi na jioni, tukisomea koroboi, tukioga kwa sabuni ya mche iliyokatwa kwa kisu cha dukani. Nakumbuka peremende za kwenye chupa ya kioo, zile nyekundu, na jinsi alivyokuwa akitupa kila mmoja mbili tukitoka shule, akicheka. Nilipekua kuanzia jalada mpaka jalada. Ukurasa wetu haumo.